Kuwaona pomboo Kizimkazi ukitokea Lubumbashi: mwongozo kwa anayeanza

Likizo kubwa ikikaribia, au mtu akiwa na safari ya Dar es Salaam kufuata gari bandarini au mali Kariakoo, maswali ninayopokea ni yale yale. Pomboo wanapatikana wapi? Asiyejua kuogelea anaweza kwenda? Boti inalipiwaje? Ni kweli ukiingia tu baharini utawaona? Wapo hata wanaouliza kama pomboo ndiye yule mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, wa kwenye picha zilizokuwa zikitundikwa sebuleni kwa wazee wetu. Siye. Pomboo ni mnyama wa kweli, mwenye damu ya moto, ananyonyesha mtoto wake, na kila baada ya muda mfupi lazima apande juu kuvuta hewa. Hilo la mwisho ndilo linalotupa nafasi ya kumwona.

Nimechagua Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, kwa sababu iko jirani na Dar es Salaam ambako watu wetu wanakwenda tayari, na kwa sababu pomboo wa pale wanaishi pale mwaka mzima. Lakini sababu kubwa kwangu ni nyingine. Mtalii wa Ulaya akiwa botini hawezi kusema na nahodha bila mtu wa katikati. Wewe unaweza. Kiswahili cha Lubumbashi kina mambo yake, ila nahodha atakuelewa na wewe utamwelewa. Na kuwaona pomboo vizuri bila kuwatesa kunategemea, karibu kwa yote, maneno machache utakayomwambia nahodha kabla injini haijawashwa.

Ziwani kwetu usiwatafute. Tanganyika, Mwero, Kivu, kote hawamo.

Vitu vya kuwa navyo

Pasipoti, na uiweke karibu: hata ukishagongewa muhuri mpakani Tunduma au uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, bandarini Unguja utaitoa tena. Mambo ya viza ulizia mapema, ya Tanzania na ya Zambia pia kama unapita Kasumbalesa kwa basi.

Kadi ya manjano. Anayetoka Kongo huulizwa chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Usiende kuchomwa siku ya kuamkia safari. Kama ulichomwa zamani na kadi unayo, hiyo ni ya maisha.

Bima ya Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Hununuliwa kwenye mtandao kabla ya kufika, na bima uliyokata kwingine haichukui nafasi yake.

Pesa ya Tanzania. Badilisha dola zako benki au kwenye duka la kubadilishia pesa huko Dar es Salaam, upate na noti ndogo ndogo za shilingi. Noti za dola za zamani au zilizochanika zitakusumbua huko kama zinavyosumbua hapa.

Vitu vya mwilini: kofia yenye kamba ya kidevuni, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua (ngozi nyeusi nayo huungua, jua la baharini linapiga kutoka juu na kutoka kwenye maji), viatu vya plastiki vinavyofungwa mguuni, na mfuko wa simu usioingiza maji. Mfuko huo nunua Kariakoo. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tunayofungia kila kitu kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo iache nyumbani.

Mama na dada, beba kitenge cha kujifunga juu ya nguo ya kuogelea. Kizimkazi ni kijiji cha Waislamu, na cha siku nyingi: msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 1107. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mchana barabarani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi kwa kuangalia upepo.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi, upepo wa kutoka kusini, hushika kuanzia katikati ya mwaka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ninayompendekezea anayeanza: joto kali, lakini asubuhi bahari huwa tulivu. Oktoba na Novemba pia ni nzuri kati ya mvua moja na nyingine ya vuli, yaani mvua ndogo. Aprili na Mei ni masika, mvua kubwa, kaa nyumbani.

Shida ni kwamba likizo yetu kubwa inaangukia Julai na Agosti, kusi likiwa na nguvu. Bado inawezekana, ila panga siku tatu pale badala ya moja, ili upepo ukikataa leo uende kesho. Miezi hiyo ina zawadi yake: nyangumi wenye nundu hupita pwani hii wakitoka bahari ya baridi ya kusini, na wengine huonekana wakirusha maji kwa mbali. Mwezi wa Agosti kijiji kina tamasha lake la kila mwaka, vyumba hujaa, kwa hiyo weka chumba mapema.

2. Vuka, kisha ulale Kizimkazi penyewe.

Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi inafika Unguja kwa saa mbili hivi. Bandarini watakuzunguka vijana wanaoitwa papasi, kila mmoja akikuuzia safari ya pomboo. Usilipe chochote pale. Panda gari uende kusini. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa teksi, na mrefu zaidi kwa daladala.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kulala mjini au kaskazini Nungwi, kisha kuletwa Kizimkazi asubuhi na gari la watalii. Magari hayo hufika kwa pamoja, jua likiwa limepanda, na boti zote huingia majini saa ile ile. Ukilala kijijini utatoka alfajiri, uwe umeshawaona na kurudi wakati wao wanashuka garini. Kati ya ushauri wote ulio hapa, ukifuata huu mmoja tu umeshapata nusu ya safari.

3. Mtafute nahodha jioni.

Nenda ufukweni wa Kizimkazi Mkunguni au wa Dimbani baada ya alasiri, wavuvi wakiwa wametulia. Anza kwa salamu. Sisi Lubumbashi hatuna mazoea ya "shikamoo", lakini kule mtu mzima asiposalimiwa hivyo huona hakuheshimiwa. Na "asalaam aleikum" inapokelewa vizuri na wote. Kaa, ongea kuhusu bahari, ndipo uulize boti.

Boti hukodishwa nzima, si kiti kimoja kimoja. Mkiwa wanne mnagawana. Uliza bei ina nini ndani: mafuta, majaketi ya kuokolea, miwani ya majini, ada ya hifadhi. Eneo lile ni Hifadhi ya Ghuba ya Menai, tangu 1997, na mgeni huilipia, dai risiti. Lipa kianzio kidogo, mengine mkirudi nchi kavu.

4. Mwambie unachotaka, kwa maneno wazi.

Hapa usione haya. Manahodha wengi huwafukuza pomboo kwa kuamini kwamba mgeni asipowaona karibu kabisa hatatoa bahashishi, yaani zawadi ya asante juu ya bei. Kazi yako ni kumwondolea wasiwasi huo mapema. Sema hivi, au kwa namna yako:

"Nahodha, mimi sitaki kuruka majini juu yao. Tukiwaona, punguza injini, tukae mbali kiasi, tuwaangalie. Wakija wenyewe, vizuri. Wakienda zao, tuwaache. Bahashishi yako iko pale pale, tukiwaona tusiwaone."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobadilisha kila kitu. Sema, kisha uitimize.

5. Kagua boti kabla ya giza.

Hesabu majaketi, yawe sawa na idadi ya watu, na uvae moja uone kama vifungo vinakaza. Angalia kama kuna kivuli, ndoo ya kukumbia maji, kasia, na simu ya nahodha yenye chaji. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda bila hofu, kwa sharti moja: jaketi linavaliwa kabla ya mguu kuingia botini na linavuliwa ukiwa mchangani. Si la kukalia.

Uliza pia maji yanakupwa saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji huenda mbali sana na itabidi utembee hadi kwenye boti juu ya miamba yenye wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Ndiyo maana nilisema viatu vinavyofungwa. Kandambili hubaki kwenye tope.

6. Asubuhi: rekebisha saa, kula kidogo.

Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu ya Lubumbashi kwa saa moja. Simu ikiwa bado inasoma saa za nyumbani, utaamka boti imeshaondoka. Nahodha akisema saa kumi na mbili asubuhi, kwenye simu ni 6:00.

Usiku wa kuamkia safari usile chakula cha mafuta mengi, na pombe uiache. Asubuhi kunywa chai na kipande cha mkate au muhogo. Tumbo tupu hutapika sawa na tumbo lililojaa bukari (ugali). Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda. Ukisubiri hadi tumbo lianze kugeuka umeshachelewa.

7. Namna ya kutafuta.

Kaa mbele au ubavuni, injini iwe nyuma yako kwa sababu ya moshi. Usikazie macho sehemu moja. Pitisha jicho polepole kwenye mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, kisha rudi karibu. Unatafuta pezi jeusi linalopanda na kushuka kwa upinde, au ndege wengi wanaojitupa majini mahali pamoja, maana penye samaki wadogo pomboo naye huja.

Watu wetu huogopa wakiona pezi, wakidhani ni papa. Tofauti iko kwenye mwendo. Mkia wa pomboo umelala bapa na hupigwa juu na chini, hivyo mgongo wote huviringika: unaona pezi, unaona mgongo, kisha vinazama. Papa mkia wake umesimama, naye pezi lake hukata maji moja kwa moja bila kuinuka.

Bahari ikiwa shwari na injini imezimwa, mara nyingi utawasikia kabla hujawaona. Ni pumzi fupi, nzito, kama mtu anayetoa hewa kwa nguvu baada ya kuzamia. Mvuke mdogo unasimama juu ya maji kwa sekunde moja na kupotea.

8. Wakionekana.

Hapa ndipo watu huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nahodha apunguze mwendo mkiwa bado mbali, aje kwa ubavu, akielekea kule wanakoelekea wao. Asiwakate mbele, asipite katikati ya kundi, asizunguke. Umbali wa mita 50 unatosha kabisa kwa macho. Mkifika hapo injini iwekwe huru au izimwe. Ukiwaona wamekuja wenyewe chini ya boti, furahi, lakini mikono ikae ndani, na chakula usitupe.

Kizimkazi kuna pomboo wa aina mbili. Wale utakaowaona zaidi ni wa kijivu, pua fupi nene, pezi lililopinda nyuma. Wa pili ana nundu mgongoni na pezi dogo juu ya nundu hiyo. Ni mwoga, hukaa karibu na ufukwe, na yumo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ukimwona huyo, mwombe nahodha asisogee hata kidogo. Angalia pia makali ya pezi: mengi yana pengo au kovu, na kila pezi ni tofauti. Watafiti huwatambua pomboo mmoja mmoja kwa alama hizo, na manahodha wazoefu nao wanawajua. Muulize wako.

Kwa nini nasisitiza umbali? Kabla ya utalii kuanza miaka ya 1990, wavuvi wa hapa waliwaua pomboo kuwafanya chambo cha papa. Leo pomboo ndiye anayelisha nyumba nyingi za kijiji, na hilo ni jambo jema. Lakini boti zikiwa nyingi zinamchosha. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi waliona kwamba boti za watalii zikiwepo, muda wa kupumzika na wa kula hupungua, na muda wa kuhamahama huongezeka zaidi ya mara mbili. Pomboo jike hubeba mimba mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja tu, na humnyonyesha kwa muda mrefu. Mama asiyepumzika hatoi maziwa ya kutosha.

Dalili kwamba mmewachosha: wanageuka ghafla kila mnapogeuka, wanazama muda mrefu kuliko mwanzo, wanajibana pamoja, au mmoja anapiga maji kwa mkia. Ukiona hivyo, ondokeni. Kama hamna dalili, nusu saa inatosha. Zikija boti nyingine mbili, nyinyi mliotangulia ondokeni kwanza.

9. Kuhusu kuogelea nao.

Ushauri wangu ni usiingie. Wanachofanya wengi ni hiki: boti inawapita pomboo, inasimama mbele yao, watu wanaambiwa "ruka, ruka!", pomboo wanazama, watu wanapandishwa, boti inafukuza tena. Majini humo kuna propela zinazozunguka na watu waliochanganyikiwa. Ukitaka kuogelea, mwambie nahodha akupeleke kwenye matumbawe, miamba hai ya chini ya bahari, baada ya pomboo. Huko samaki wa rangi ni wengi na utaogelea kwa amani.

10. Picha.

Usikuze picha kwa vidole. Utapata maji na ukungu. Washa video ukiwa umelenga mahali walipozama mara ya mwisho, kidogo mbele ya kule walikokuwa wakielekea, usubiri. Baadaye utachagua picha ndani ya video. Simu iwe kwenye mfuko wake, kamba shingoni. Na dakika tano za mwanzo usiitoe kabisa. Tazama kwa macho.

Ukienda Kenya badala ya Unguja

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wenye shughuli Mombasa wanaweza kufuata hatua hizi hizi kwenye Hifadhi ya Kisite-Mpunguti, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Boti huondokea Shimoni na kupita karibu na kisiwa cha Wasini. Watamu, kaskazini ya Mombasa, ni mahali pengine pazuri, na huko mkitoka mbali kidogo mnaweza kukutana na pomboo wembamba wa pua ndefu wanaoruka juu na kujizungusha hewani.

Mambo yakienda vibaya

Hamkuona kitu. Hutokea, hata Kizimkazi. Saa mbili za kutafuta zikipita, rudini, msimlazimishe nahodha kuchoma mafuta mchana kutwa. Jaribu kesho yake mapema zaidi. Na anayekuapia kwamba "lazima mtawaona" mwepuke, kwa sababu huyo ndiye atakayefukuza.

Kichefuchefu kimekushika. Acha kutazama simu na sakafu ya boti, kaza macho kwenye nchi kavu kwa mbali. Sogea katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Ukitaka kutapika, nenda upande ambao upepo unatoka mgongoni kwako. Kunywa maji kidogo kidogo baadaye.

Nahodha anafukuza licha ya mliyokubaliana. Usimpigie kelele mbele ya wenzake. Mwambie kwa sauti ya chini: "Kaka, sisi tumeridhika, twende kwenye matumbawe." Maneno hayo hayamwaibishi, na boti inaondoka. Yakirudia, mkatishe safari.

Upepo umebadilika, mawimbi yanapiga vichwa vyeupe. Nahodha akisema turudi, usibishane naye hata kama umelipa. Akiwa yeye hajasema na wewe unaogopa, sema wewe.

Umechomwa na miiba kwenye miamba. Usiikamue wala kuivunjia ndani. Chovya mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha nenda kituo cha afya kama imezama karibu na kiungo.

Umemkuta pomboo amekwama mchangani. Aprili 2006 mamia walikwama na kufa huko Nungwi, kwa hiyo si jambo la hadithi. Usimvute mkia wala mapezi. Mfunike kwa kitenge kilicholowa, mmwagie maji mwilini, lakini tundu la kupumulia lililo juu ya kichwa liachwe wazi, lisiingie maji wala mchanga. Wazuie watu na mbwa, na umtume mtu kwa sheha (kiongozi wa serikali wa kijiji) na kwa wavuvi, maana kumrudisha majini kunahitaji watu wengi na maji yanayojaa. Akiwa ameshakufa, nyama yake usiile na meno usichukue. Mwache alivyo mpaka watu wa hifadhi wafike wamwangalie.